Bi Kidude: Sauti Iliyofundwa na Ngoma

Mazungumzo haya yanahusu kazi ya Fatuma binti Baraka, mwimbaji wa Unguja ambaye Afrika Mashariki nzima ilimjua kwa jina la Bi Kidude, na ambaye alifariki dunia tarehe 17 Aprili 2013 akiwa na umri ambao wengi waliukadiria kuwa umepita miaka 100. Alikuwa mwimbaji wa taarab, muziki wa pwani unaofuata kanuni za kurithiwa katika ushairi, mahadhi na ala, na papo hapo alikuwa mpigaji wa msondo, ngoma ndefu inayoongoza shughuli za unyago, na pia alikuwa somo, yaani mwalimu wa wanawali wanaofundwa wanapovunja ungo. Wanaoandika habari zake mara nyingi huziweka kazi hizi katika safu mbili, uimbaji ukitangulia na ngoma ikifuata kama nyongeza ya kupendeza, jambo ambalo humfanya msomaji aamini kwamba mwimbaji huyu alikuwa na kipaji kimoja kikubwa na kingine cha ziada. Inavyoelekea, mambo yalikuwa kinyume chake, kwa kuwa ngoma ndiyo iliyoifunda sauti ile, ikaipa pumzi, mkazo na ujasiri, na asiyeisikia ngoma ndani ya taarab ya Bi Kidude hajamsikia bado ipasavyo.

Kwa wakazi wa Majengo, mjini Moshi, habari hii haiko mbali kama ramani inavyoonyesha. Majengo ni jina la mitaa katika miji mingi ya Afrika Mashariki ambako, wakati wa ukoloni, wafanyabiashara, vibarua na mafundi kutoka pwani na bara walijenga nyumba zao kando ya maeneo yaliyotengewa Wazungu na Wahindi, na ndani ya mitaa hiyo Kiswahili kiliota mizizi pamoja na mavazi, mapishi, dini na nyimbo za harusi. Moshi ilikuwa na mkondo huo hata kabla ya mji wa sasa kuwapo, kwa sababu misafara ya biashara ilipanda kutoka Pangani hadi Uchagani katika karne ya 19, na Mangi Rindi wa Moshi, aliyeitwa pia Mandara, alikuwa na mawasiliano na Unguja. Mwaka 1885 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma jemadari wake, Lloyd Mathews, hadi Kilimanjaro ili mamangi, yaani watawala wa Wachagga, wakubali bendera yake, muda mfupi tu kabla Wajerumani hawajaitwaa nchi hiyo. Mtawala huyohuyo, aliyetaka bendera yake ipepee chini ya mlima, ndiye anayetajwa katika masimulizi ya Unguja kuwa aliyeiingiza taarab katika jumba la kifalme. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi, njia ya watu wa pwani kupanda bara ikawa nyepesi zaidi, na nyimbo zikapanda pamoja na mizigo.

Barghash alitawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na inasimuliwa kwamba alimpeleka Misri kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, akajifunze muziki na hasa kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani na kudonolewa kwa vidole. Taarab iliyotokana na mwanzo huo ilikuwa ya jumba na ya wenye nafasi, ikaimbwa kwa Kiarabu, na hata chama cha kwanza cha wanamuziki mjini Unguja, Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliundwa na vijana wa mjini waliovutiwa na mtindo huo. Ala zake zilikuwa udi, fidla, kanuni, nai ambayo ni filimbi ya tete, pamoja na dumbak na tari, ambazo ni ngoma ndogo za mkono zinazoshikilia mwendo bila kuifunika sauti. Ngoma kubwa za ngozi, zile za kusimamishwa na kupigwa uwanjani, hazikuwa na kiti katika baraza hilo.

Aliyeifungua milango ya taarab kwa watu wa kawaida ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880, akaitwa Mtumwa na wazazi wake, akauza vyungu kabla ya kuimba, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri zilizouzwa katika pwani nzima. Siti aliimba kwa Kiswahili mambo ambayo mji ulikuwa ukiyazungumza: mahakama, dhuluma, mapenzi, majigambo ya matajiri. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, heshima ambayo wasanii wachache wa zama zake waliipata, na Siti alipofariki mwaka 1950 tayari alikuwa amebadilisha maana ya kuwa mwimbaji wa kike katika pwani hii. Inafaa Siti atajwe kwa urefu kidogo kwa sababu Bi Kidude alikuwa, kwa tamko lake na kwa nyimbo zake, mrithi wa Siti kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Bi Kidude alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, akiwa binti wa Baraka, muuza nazi. Tarehe ya kuzaliwa kwake haikuandikwa, naye aliielezea kwa kuitaja rupia, sarafu iliyotumika kabla ya shilingi, kama walivyofanya wazee wengi wa kizazi hicho waliohesabu umri kwa sarafu, vita na njaa. Masimulizi ya maisha yake yanaeleza kwamba alipokuwa binti mdogo alizisikiliza na kuzishika nyimbo za Siti, akajifunza kwa sikio bila karatasi wala mwalimu aliyekaa mbele yake, na kwamba baadaye aliikimbia ndoa ya kulazimishwa, akazunguka pwani na bara, akaimba na kundi la taarab mjini Dar es Salaam, kisha katika miaka ya 1940 akarejea Unguja na kuishi katika nyumba ndogo. Mwanamke aliyezunguka peke yake katika enzi hiyo, bila mume wa kumsemea na bila mali ya kumlinda, alihitaji kazi ya mikono inayokubalika popote, na Bi Kidude alikuwa nazo zaidi ya moja: alijua kupaka hina, alijua dawa za miti shamba, na alijua unyago.

Unyago ni mafunzo ya wanawali, yanayotolewa na wanawake peke yao, ndani, kwa siku kadhaa, kuhusu mwili, usafi, ndoa, unyumba na namna ya kuishi na wakwe na majirani. Mwanafunzi huitwa mwari. Mwalimu huitwa somo katika Unguja na kungwi katika sehemu nyingi za bara. Mafunzo hayo hayasomwi kutoka kitabuni, bali huimbwa na kuchezwa, na kila fundisho lina wimbo wake na kila wimbo una mdundo wake, hata mwari akiusahau wimbo mwili wake huukumbuka mchezo. Asili ya unyago wa Unguja inahusishwa na watu wa bara, Wayao, Wanyasa, Wazaramo, Wamakonde na wengineo, ambao wengi wao walifikishwa visiwani kwa utumwa katika karne ya 19, na baada ya amri ya kukomesha utumwa ya mwaka 1897 wanawake wa asili mbalimbali walianza kuchangia ngoma hizi na kuzifanya kuwa mali ya mji. Kwa hiyo somo wa Unguja alipokuwa akifundisha alikuwa akitunza pia kumbukumbu ya watu ambao hawakuandikwa katika daftari lolote isipokuwa la mauzo, na jambo hilo linapaswa kukumbukwa kila msondo unapotajwa kama kitumbuizo cha watalii.

Msondo wenyewe ni ngoma ndefu na nyembamba, iliyochongwa katika gogo moja, yenye ngozi upande wa juu tu na uwazi upande wa chini ambako mvumo hutokea. Ngozi huwambwa kwa mambo, yaani vigingi vidogo vya mti vinavyopigiliwa kuzunguka mdomo wa ngoma, na kabla ya kupigwa hutiwa moto, kwa maana kwamba hukaribishwa kwenye moto wa makuti au karatasi hadi ngozi ikaze na sauti ipande, kisha hupimwa kwa kofi moja au mawili na kurudishwa motoni ikiwa bado imelegea. Mpigaji huishika kwa namna ambayo wengi waliomwona Bi Kidude hawakuisahau: ngoma husimamishwa ikiwa imeinama kidogo katikati ya miguu, hufungwa kiunoni kwa kamba au kwa kanga, na mikono miwili mitupu hupiga mbele ya tumbo. Uzito wa ngoma hushikwa na kiuno na mapaja, hivyo mpigaji hawezi kusimama kivivu. Mgongo unanyooka, magoti yanalegezwa, na pumzi inashuka chini ya mbavu kwa sababu haina mahali pengine pa kwenda. Mwalimu yeyote wa uimbaji atatambua hapa kile anachojitahidi kumfundisha mwanafunzi wake kwa miezi mingi, yaani kutia pumzi tumboni na kuitoa kwa kipimo, na Bi Kidude alifanya hivyo kila aliposimama na msondo akiimba kuongoza wanawake wanaoitikia.

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa sababu ndipo penye kiini cha kazi yake. Kiongozi wa ngoma ya unyago haimbi peke yake na hana kipaza sauti. Mbele yake wapo wanawake wanaocheza, wanaopiga makofi na vigelegele, na wapo wapigaji wa ngoma ndogo zinazojibu ngoma yake. Sauti yake inapaswa kupita juu ya yote hayo kwa maneno yanayosikika, maana wimbo wa mafunzo usiosikika maneno haufundishi. Kutokana na mahitaji hayo sauti hujifunza kuanza neno kwa nguvu, kuitamka silabi kikamilifu, kuukata mshororo mahali ambapo ngoma inaruhusu, na kuiburura irabu ya mwisho pale waitikiaji wanapochukua zamu. Sifa hizohizo ndizo zinazosikika katika rekodi zake za taarab. Waimbaji waliokulia katika firqa, yaani bendi kubwa ya taarab iliyofuata mfano wa Cairo yenye safu za fidla, hupenda sauti laini inayozungushwazungushwa katika madoido, huku Bi Kidude akiimba kwa sauti nzito ya kifuani, yenye mkwaruzo, isiyo na pambo jingi, inayoshika noti ndefu kwa nguvu moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Waliosema kwamba uimbaji huo haukunolewa walisahau kuuliza ulinolewa wapi. Ulinolewa vyema sana, isipokuwa katika chuo ambacho wanaume hawaruhusiwi kuingia.

Uhodari wake wa kubadilika unaelezeka kwa namna hiyo pia. Aliweza kuimba nyimbo za Siti na kundi lenye udi na kanuni, akaimba katika kidumbak, taarab ya uswahilini inayopigwa kwa fidla, sanduku lenye uzi mmoja linalotoa besi, mkwasa wa vijiti, cherewa na ngoma mbili ndogo za udongo, akaimba na bendi za dansi, na katika uzee wake akashirikiana na kundi la vijana la Offside Trick katika wimbo wa kizazi kipya uitwao Ahmada. Msikilizaji anayepanga muziki kwa makabati atashangaa mtu mmoja aliwezaje kupita kote huko bila kubadilisha sauti yake. Jibu ni kwamba alishika kitu ambacho mitindo yote hiyo inakihitaji, yaani mwendo, na mwenye kushika mwendo hategemei ala fulani imbebe. Vijana wa mashine za kisasa walipompa mdundo uliotengenezwa studio, aliupokea kama alivyoupokea mdundo wa mpigaji mwenzake uwanjani, akaweka neno lake mahali pake.

Nyimbo zilizomtambulisha zaidi, Muhogo wa Jang'ombe na Kijiti, zote zina uhusiano na Siti. Kijiti ni wimbo wa kesi. Unaeleza kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa mjini Unguja, mtuhumiwa akatorokea bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa mashahidi. Siti aliuimba katika zama ambazo mahakama za kikoloni zilikuwa zikizungumzwa kila barazani, na Bi Kidude akaubeba hadi karne ya 21, ukiwa bado na uchungu uleule. Ni haki kusema kwamba wimbo huo unafaa zaidi sauti ya somo kuliko sauti ya mtumbuizaji, kwa kuwa somo amezoea kuwaambia wanawake mambo mazito mbele ya wanawake wenzao, bila kuyapamba, akijua kwamba waliopo watayatumia maishani. Taarab ya harusi hupenda mafumbo na vijembe. Kijiti unataja jina la mtuhumiwa na kusema alichofanya.

Umaarufu wa kimataifa ulimfikia akiwa tayari mzee. Kuanzia miaka ya 1980 alianza kusafiri na makundi ya taarab ya Unguja kwenda Ulaya na kwingineko, na baada ya tamasha la Sauti za Busara kuanza mwaka 2004 ndani ya Ngome Kongwe, yeye alikuwa mmoja wa wasanii ambao wageni walikuja kumtafuta. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, mkutano mkubwa wa wadau wa muziki wa dunia, uliofanyika mwaka huo Newcastle na Gateshead huko Uingereza. Mwaka 2006 ikatoka filamu ya Andy Jones kuhusu maisha yake, As Old as My Tongue, na kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ikamtengea toleo la 4 la mfululizo wake wa Zanzibara. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alimtunuku nishani ya sanaa na michezo, na mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa maelfu waliomzika. Mtiririko huo wa miaka unasikitisha ukitazamwa kwa makini, kwa kuwa nishani ya nyumbani ilifuata tuzo ya ugenini kwa miaka 7, na zote zilikuja baada ya zaidi ya nusu karne ya kazi ambayo wanawake wa Unguja walikuwa wakiijua, wakiiheshimu na kuilipia kwa kadiri walivyoweza, kila walipokuwa na mwari ndani. Heshima ya kweli ilikuwapo siku zote, ila haikuwa na jukwaa wala cheti.

Kulikuwa na suala jingine, nalo ni la haki kujadiliwa. Unyago ni ngoma ya ndani, na siri yake ni sehemu ya mafunzo yenyewe, hivyo kumpandisha somo jukwaani pamoja na msondo wake mbele ya wanaume, watoto na kamera kuliwatia baadhi ya watu mashaka, na mashaka hayo hayatokani na ushamba. Kwa upande mwingine, wasichana wengi wa mjini siku hizi huolewa bila kupitia unyago kamili, wakipata badala yake sherehe ya jikoni ya saa chache yenye mshereheshaji na muziki uliorekodiwa, na ngoma ambayo haichezwi ndani haitaendelea kujulikana hata kama siri yake imetunzwa. Bi Kidude alichagua kuitoa nje. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, lakini bila huo mpigaji wa msondo wa kike angebaki kuwa uvumi kwa watu wa mbali, na wanawake wa Unguja wasingekuwa na picha jongefu hata moja ya bibi wa umri ule akiwa amefungiwa ngoma kiunoni na kuipiga hadi watu wazima wenye nusu ya umri wake wakachoka kucheza.

Neno msondo lenyewe linajulikana Moshi kwa njia nyingine, kwa kuwa wapenzi wa dansi wa Tanzania Bara hulihusisha na bendi iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma, kama vile wapinzani wao wa Mlimani Park walivyouita mtindo wao Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Wanamuziki hao wa magitaa na matarumbeta waliona fahari kujiita kwa majina ya ngoma za jadi, na hiyo ni dalili kwamba walijua mwendo wao ulikotoka. Msondo ulivuka bahari pia: katika Oman na nchi nyingine za Ghuba ngoma za msondo na chapuo hutumika katika lewa, mchezo ulioanzishwa na watu wenye asili ya Afrika Mashariki, na jina la ngoma limehifadhiwa karibu na lilivyo hata pale ambapo Kiswahili kimesahaulika katika nyumba nyingi.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro mafunzo ya vijana yalifuata njia yake. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi ya Kanisa la Kilutheri Moshi kwa miaka mingi, alikusanya mafundisho ya jando la Wachagga katika juzuu 3 zilizochapishwa kati ya mwaka 1932 na 1938, na humo ameeleza habari za mregho, kijiti kilichokatwa alama mwilini mwake, ambapo kila alama iliwakilisha fundisho na wimbo unaofuatana nalo. Mwalimu wa Kichagga alipitisha kidole juu ya mikato ya kijiti, somo wa Unguja alipitisha mikono juu ya ngozi ya ngoma, na wote wawili walifundisha kwa kuimba, wakihakikisha kwamba elimu haitengani na sauti. Kanisa lilipoenea mlimani lilileta kwaya za sauti nne na bendi za matarumbeta, ambazo Wachagga walizipokea kwa umahiri mkubwa hadi leo hakuna harusi kubwa ya Moshi isiyotarajiwa kutanguliwa na tarumbeta juu ya gari. Lakini ngoma, kwa miongo mingi, ziliachwa nje ya mlango wa kanisa kwa sababu wamisionari wengi walizihusisha na ibada za kale. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Moshi aliyefundishwa kuimba kanisani alifundishwa kusimama wima, kufungua kinywa na kusoma sol-fa, huku mwendo ukihesabiwa kwa mkono wa mwalimu wa kwaya. Alifundishwa vizuri, na waimbaji hodari wametoka humo, lakini mara chache alifundishwa kuimba na kupiga kwa wakati mmoja, na sauti iliyofundwa bila mikono huchelewa kujitegemea.

Majengo ina nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa kuwa ni mtaa ambamo mikondo hiyo hukutana bila kuhitaji semina. Mitaani humo mtoto anaweza kusikia dufu la kaswida siku ya Maulidi, matarumbeta ya harusi yakishuka barabarani, taarab ikitoka katika kipaza sauti cha shughuli ya jirani, na kwaya ikifanya mazoezi jioni, yote ndani ya wiki moja. Dufu, ambalo ni ngoma ya duara yenye ngozi upande mmoja, hupigwa na haohao wanaoimba kaswida, na kwa sababu hiyo vijana wa madrasa wako karibu na ufundi wa Bi Kidude kuliko wanavyodhani. Wasichana wanaoimba kaswida wakiruhusiwa kushika dufu wenyewe, na wanakwaya wa kike wakikabidhiwa ngoma ambazo sasa zimeingia katika makanisa mengi baada ya kuachwa nje muda mrefu, Moshi haitahitaji kuagiza kutoka Unguja mwanamke anayeweza kuongoza wimbo kwa sauti na mikono yake.

Unguja kwenyewe hatua zimeanza kupigwa. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mwaka 2002 mjini Unguja, kimefundisha udi, kanuni, fidla na ngoma kwa wasichana na wavulana, na mwaka 2009 mwandishi wa habari Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kundi la taarab ambalo wanawake ndio wanaopiga ala wenyewe, jambo ambalo lilikuwa nadra katika vilabu vikubwa vya mjini, ambako kwa miaka mingi mwanamke aliimba mbele na wanaume wakapiga nyuma yake. Mafanikio hayo ni makubwa, lakini yameegemea zaidi ala za nyuzi. Msondo bado unafundishwa kwa njia ileile ya zamani, mkono kwa mkono, na wanawake wachache wanaoujua wanazeeka. Rekodi zilizopo za Bi Kidude zinatosha kuanzia, mradi zisikilizwe kwa utaratibu: kwanza zile za unyago, ambamo ngoma inatawala na sauti inapita juu yake, kisha zile za taarab, ambamo ngoma kubwa haipo, na mwanafunzi afuatilie jinsi sauti ileile inavyoendelea kupiga mwendo ambao mikono imeacha kuupiga. Walimu wa kwaya na wa madrasa wa Majengo wanaweza kufanya zoezi hilo kwa simu ya kawaida na spika moja, wiki hii hii, na kisha kumpa kila mwimbaji kitu cha kupiga kabla ya kumwambia afungue kinywa.